Mtafiti aliniuliza mzee wangu alibebwaje baada ya kuanguka, nikamdanganya. Jibu la kweli ni hili

Wakuu, nawasalimu wote. Wale wa nyumbani Kyela, mwagonile.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha hapa. Yote nitakayosema yametokea kwangu, nyumbani kwetu Makwale, na sina cha kupata kwa kuyasema zaidi ya kuonekana mjinga. Nimebadilisha majina tu. Wale wataalamu wa kusema "hii chai", pitieni nyuzi nyingine, leo sina nguvu za kubishana na mtu.

Twende taratibu.

Mimi ni mkulima wa kakao na mpunga kidogo. Nina mke, namwita Tupo, na watoto wadogo. Tulikuwa tunaishi kaya moja na mzee wangu, nyumba yake mbele, yetu nyuma, katikati migomba. Mama alishafariki. Dada zangu wawili wameolewa, mmoja Tukuyu na mwingine ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi. Kwa hiyo mzee alikuwa analelewa na sisi.

Sasa kwa wasiojua: kwetu Wanyakyusa, kwa mila ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Wengi siku hizi wameacha, hasa waliokaa mijini. Kwetu haikuachwa. Mzee wangu alikuwa mzee wa kanisa, matambiko yote alishayatupa, lakini hilo moja alilishika mpaka mwisho.

Miaka saba Tupo aliishi pale bila kumtazama mzee usoni.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzee akitaka kupita kwenda nyuma, anakohoa kwanza. Tupo akisikia anaingia kwenye migomba mpaka apite. Chakula anakiweka kizingitini, anagonga sufuria mara moja, anaondoka. Jina la mzee halitaji. Siku moja zahanati walimuuliza jina la mwenye kaya, akaomba kalamu akaliandika.

Mimi nilikuwa naona ni utaratibu mzuri tu. Nyumba ambayo mkwe na mkamwana hawakutani haina ugomvi wa mkwe na mkamwana. Nilikuwa najisifu hivyo kijiweni.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua ni kazi aliyowahi kufanya Tupo.

Kabla sijamuoa alifanya kazi miaka miwili Mbeya kama data collector. Kulikuwa na madaktari wanafanya research ya watu walioumia shingo: walioanguka kwenye miti, wa bodaboda, waliodondokewa na mizigo. Kazi yake ilikuwa kukaa na ndugu wa mgonjwa na kujaza dodoso. Alianguka wapi, saa ngapi, alikuwa anachezesha miguu au hachezeshi. Halafu swali ambalo alisema ndilo wakubwa zake walilipenda kuliko yote: baada ya kuanguka, alibebwaje?

Walimfundisha na huduma ya kwanza. Mtu akiumia shingo humnyanyui, humkalishi. Unamshika kichwa kisicheze, unatafuta kitu kigumu kilichonyooka kama mlango, unamlaza hapo, na wote mnanyanyua kwa pamoja. Alinieleza haya tukiwa wachumba. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mchumba.

Tuendelee.

Mwaka juzi, kabla hatujavuna mpunga, Tupo aliniambia, "Baba anaumwa shingo."

Nikamuuliza amejuaje wakati hata hamuoni. Akasema anamuona kwa nyuma kila siku. Akasema, "Siku hizi akiitwa hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima. Na ule upondo wake haujaguswa tangu wiki iliyopita."

Upondo ni ule mti mrefu wenye kisu mbele, wa kukatia kakao za juu. Ili uutumie lazima uinue uso. Mzee alikuwa ameacha kuinua uso. Badala yake alianza kukanyaga matawi, anapanda kidogo ili kakao iwe usawa wa macho. Mzee wa miaka sabini na kitu, anapanda mkakao.

Nikamwambia Tupo ni uzee. Mtu aliyebeba magunia ya mpunga kichwani maisha yake yote lazima shingo imuume. Nilimnunulia mzee dawa ya kuchua. Alishukuru, "Ndaga fijo." Nikaona nimemaliza wajibu.

Tupo alirudia kuniambia mara mbili. Mara ya pili alisema mzee anakonda na anatakiwa akapigwe picha. Nikamjibu, naandika kama nilivyosema: "Wewe ulikuwa unajaza fomu, hukuwa daktari."

Kumbukeni na hilo.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nageuza kakao kwenye sanduku la kuvundikia. Nikasikia kishindo, wala si kikubwa, kama mkungu wa ndizi umedondoka.

Nilimkuta mzee amelala chali chini ya mkakao. Tawi alilokuwa amekanyaga halikuwa juu hata kufika kiuno changu. Mtoto akianguka pale anacheka anaondoka. Kaptula yake ya shamba ilikuwa imechanika upande mzima mpaka juu, paja lote nje, na buti moja limechomoka.

Akaniambia, "Nimeteleza. Niache kwanza nipumzike." Halafu akauliza buti lake limeenda wapi, na akachezesha vidole vya ule mguu uliokuwa wazi.

Wakuu, niliviona kwa macho yangu haya. Vidole vilicheza.

Watu wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa baba yangu mdogo, anakaa jirani, ndiye mkubwa wa ukoo baada ya mzee. Nyuma yake majirani wanaume wanne. Baba mdogo akasema, "Mwinueni akae, damu itembee."

Hapo ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye migomba.

"Msimnyanyue! Jamani msimnyanyue, acheni alale! Ng'oeni mlango wa jiko mlete hapa!"

Alikuwa Tupo. Kwanza alikuwa anapiga kelele akiwa amejificha, kwa heshima. Alipoona hakuna anayesogea akatoka. Akatoka kabisa kwenye migomba, miguu peku, kanga imemdondoka begani, akawa anakuja moja kwa moja alipolala mkwe wake. Akasema, "Nitashika kichwa mimi, nimefundishwa. Nyie leteni mlango."

Kila mtu aliganda.

Baba mdogo hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mke wako anataka kumshika mkwe wake kichwa? Amelala hivi, mapaja nje? Mbele yetu?"

Majirani wakaangalia chini. Mzee pale chini akafumba macho. Nikasema moyoni, mzee wangu ameona aibu.

Na mimi niliona aibu. Sitawadanganya kwamba nilichanganyikiwa au sikumsikia. Nilimsikia neno kwa neno, na nilijua anajua. Lakini kulikuwa na wanaume watano wananiangalia kuona kama mke wangu ananitawala.

Nikamwambia, "Rudi jikoni. Usinitie aibu."

Alisimama kidogo. Akaangalia mlango wa jiko, akaniangalia mimi, akarudi.

Mlango ule ulikuwa hatua kama ishirini kutoka pale. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi tu.

Tukamnyanyua. Baba mdogo alishika kwapa, mimi nikashika miguu. Kichwa hakuna aliyeshika. Kilirudi nyuma, halafu kikadondoka mbele kifuani, na mzee akatoa sauti fupi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Tukamkalisha kwenye bodaboda, dereva mbele, mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mshikaki. Kichwa kilikuwa kinagonga mgongo wa dereva kila tukipita shimo, na barabara yetu mnaijua.

Katikati ya safari dereva akasema, "Mwambie mzee apandishe miguu, inaburuza."

Nikamwambia, "Baba, pandisha miguu."

Akanijibu, "Nimeshapandisha."

Nikachungulia. Miguu yote miwili ilikuwa inaburuza chini, ule usio na buti kidole gumba kimechunika kinatoa damu. Na yeye anaamini ameipandisha.

Ngoja nirudi, wakuu. Mvua inaanza na kakao iko nje kwenye mikeka.

...

Nimerudi. Samahani.

Hospitali ya kwanza walimvika kola ya shingo wakamlaza kwenye kitu kigumu, wakatuweka kwenye ambulance kwenda hospitali kubwa Mbeya. Tupo alikuja kesho yake na basi, ameleta nguo na uji. Hakuingia wodini. Alikaa kwenye benchi la korido, ndipo aliponiuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nikamjibu kama vile hakuna kilichotokea.

Walimpiga picha. Daktari akaniita, kijana mpole, hana haraka. Akanieleza mambo mawili.

La kwanza, pingili mbili za shingo zilikuwa zimeliwa. Kulikuwa na uvimbe ndani ya mfupa, ulianzia kwenye figo ukahamia pale, na mfupa umebaki ganda. Ndiyo maana kuanguka kudogo vile kumemvunja. Akasema uvimbe wa aina ile una tabia ya kujivutia mishipa ya damu. Unatoa kemikali zinazoiita mishipa mipya iote kuuelekea, na ukishapata damu unakua haraka. Nikamwambia kwetu kuna watu hivyo hivyo, wanakata mfereji wa wenzao maji yaende kwenye jaruba zao. Akacheka kidogo akasema ndiyo hivyo hasa. Kwa sababu hiyo upasuaji ulikuwa hatari, angetokwa na damu nyingi mno. Inabidi kwanza mishipa ile izibwe, na hilo lingefanyika Dar, kama mgonjwa angekuwa na nguvu za kufika. Mzee hakuwa nazo.

La pili nilimuuliza mwenyewe. Nikamuuliza miguu imekufa saa ngapi, pale alipoanguka au baadaye.

Akasema, "Siwezi kujua bila nyie kuniambia. Mfupa uliooza hivi unaweza kuvunjika na neva zikabaki salama, kama hakuna anayeutikisa. Ugonjwa ungemuua, hilo sikufichi. Lakini kama miguu ilikuwa inacheza pale chini, basi angeweza kuutumia muda uliobaki akiwa anatembea."

Nikasema, "Sawa daktari."

Akaniomba jambo moja. Walikuwa na utafiti wa uvimbe kama ule, wanataka kujua unaitaje mishipa ya damu, ili siku moja ipatikane dawa nzuri ya kuunyima damu. Waliomba kipande kidogo kwa sindano. Mzee mwenyewe akasema, "Chukueni, mimi sikitumii." Nikasaini kama shahidi bila hata kusoma.

Siku ya tatu akaja binti mmoja na kishikwambi, amevaa kitambulisho. Akajitambulisha, anatoka kwenye utafiti wa majeraha ya shingo. Ndiyo, wakuu. Utafiti ule ule aliofanyia kazi mke wangu, umeongezewa muda. Akaomba kuniuliza maswali.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Tupo alikuwa upande wa pili wa benchi hilo hilo, amejifunika kanga. Yule binti akaanza kuuliza, na nikaona midomo ya Tupo inacheza. Alikuwa anayajua maswali yote kwa mpangilio wake.

Alianguka wapi? Shambani. Saa ngapi? Saa nne. Alikuwa anachezesha miguu? Nikasema sikuangalia.

"Baada ya kuanguka, alibebwaje?"

Tupo akaacha kuchezesha midomo.

Nikamjibu yule binti, "Tuling'oa mlango wa jiko tukamlaza chali. Mtu mmoja akamshika kichwa kisicheze. Tukakodi gari."

Binti akaandika, akanitazama kwa heshima, akasema, "Hongereni sana baba. Watu wengi vijijini hawajui hilo."

Tupo akainuka akaenda zake nje.

Yaani nilichukua maneno ya mke wangu, yale yale niliyomfukuza kwa kuyasema, nikayafanya yangu ili nisifiwe na mtoto wa watu. Nyama ya baba niliwapa watafiti bila kinyongo. Ukweli nikawanyima.

Nilimfuata nje nikidhani atanitukana. Ningependa angenitukana. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mabomba ya kufulia. Akasema kwa upole kabisa, "Miaka miwili watu walikuwa wananiambia mlango, gari, amelala chali. Nami naandika. Nilikuwa nashangaa, kama watu wanajua kubeba hivi, mbona wodi imejaa waliopooza?"

Akafunga bomba lililokuwa linadondosha maji.

"Kumbe nilikuwa naandika aibu za watu."

Tukarudi nyumbani na mzee amepooza kuanzia kifuani kwenda chini, na mikono haina nguvu. Kola shingoni, mito ya mchanga pembeni ya kichwa. Dada zangu walikuja, wakalia, wakakaa wiki mbili kila mmoja, wakarudi kwa waume zao. Siwalaumu. Wale wanaume watano walikuja siku ya kwanza na mkungu wa ndizi. Baba mdogo akawa anawaambia watu kwamba mzee alivunjika pale pale, miguu ilikufa akiwa bado hewani. Wengine wakaongeza kwamba karogwa kwa sababu ya kakao zake. Mimi nilikuwa nasikia yote hayo na sikumrekebisha hata mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa namlisha na kumgeuza. Nilikuwa mbovu. Uji unamwingia puani, namgeuza vibaya, mgongo ukaanza kidonda.

Mwezi wa kwanza ulipoisha mzee akaniambia, "Mwite mkamwana."

Nilisita. Akasema, "Mimi naangalia dari tu. Siwezi kugeuka kumtazama hata nikitaka. Mila haina cha kudai hapa."

Nikaenda kumwita. Tupo alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaingia, akasimama upande wa kichwani ambako macho ya mzee hayafiki. Akamlisha. Hata tone halikumwagika. Jioni ile akanionyesha jinsi ya kumgeuza kwa shuka, na kile kidonda kikaanza kukauka.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Watu walisema kijijini, sana tu. Baba mdogo aliacha kuja kabisa. Nami kwa mara ya kwanza maishani sikujali wanachosema, wakati kutojali kwangu kulikuwa hakusaidii tena kitu.

Wiki ya mwisho nilikuwa nje chini ya dirisha la mzee, nachagua kakao mbovu kwenye mkeka. Tupo yuko ndani anampa maji kwa kijiko. Nikamsikia mzee anaita.

"Mkamwana."

"Abee, baba."

"Siku ile nilikusikia kwenye migomba."

Tupo akarudisha kijiko kikombeni.

"Nilisikia unakataza wasininyanyue. Nikasikia unakuja. Nikafumba macho ili uje." Akapumzika. Alikuwa anaongea kwa shida, pumzi haifiki. "Nisikuone, upate kunishika. Nikawa nangoja mikono yako. Ikaja ya wengine."

Tupo akasema, "Nilizuiwa, baba."

"Najua. Niliisikia na sauti iliyokuzuia. Ndaga, mwanangu."

Wakuu, mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwenye lile dirisha. Sijui kama alijua niko pale. Nadhani alijua, kwa sababu mikono yangu kwenye mkeka ilikuwa inapiga kelele na ghafla ikaacha.

Kwa miezi ile yote nilikuwa najifariji na kitu kimoja. Kwamba mzee alifumba macho kwa aibu, kwa hiyo nilichofanya nilikifanya kumlinda yeye. Mila ni yake, heshima ni yake. Kumbe yeye, aliyeishika mila hiyo kuliko sisi sote, alikuwa ameshatafuta njia ya mkamwana kupita. Alikuwa amelala pale na shingo imevunjika, na bado akapata akili ya kufumba macho. Mimi mzima nimesimama na miguu yangu miwili, sikupata akili yoyote.

Alifariki siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, Tupo akiwa anamfuta uso.

Kwenye msiba baba mdogo alitoa historia ya marehemu. Akasema alianguka akavunjika palepale, ndugu wakamkimbiza hospitali kwa juhudi zote. Watu wakaitikia kwa masikitiko. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sikusema neno. Tupo alikuwa jikoni na akina mama wengine, na nilishukuru kwamba hasikii.

Baada ya arobaini nilitafuta namba ya yule binti wa utafiti, alikuwa ameniachia kwenye karatasi. Nikampigia, nikamwambia nataka kurekebisha jibu moja. Alinipa pole ya msiba kwanza. Halafu akasema data za kundi letu zimeshafungwa na kutumwa, ila atamuuliza mkubwa wake kama inawezekana. Akaongeza, "Lakini baba, jibu lako lilikuwa zuri sana. Tulilitumia kama mfano kwenye semina."

Nikakata simu. Hajanipigia tena, nami sijathubutu kumpigia.

Kwa hiyo huko kwenye kompyuta zao kuna mzee mmoja wa Makwale aliyebebwa juu ya mlango, kichwa kimeshikwa, akapelekwa kwa gari, na bado akapooza. Daktari fulani atakaa ajiulize kwa nini. Labda ataandika kwamba mlango hausaidii.

Mafunzo niliyopata siyo mengi. Mtu akianguka usimnyanyue, hata akikuomba. Mlaze kwenye kitu kigumu, kichwa kishikwe na mtu anayejua, awe mkeo, awe mkwe, awe adui yako. Mzee akiacha kugeuza shingo mpeleke akapigwe picha, dawa ya kuchua haioni ndani ya mfupa. Na ukiulizwa na watafiti, sema ulichofanya, usiseme ulichotakiwa kufanya. Wengine wanabebwa kutokana na majibu yetu.

Mlango wa jiko tumeubadilisha bawaba. Tupo alimwambia fundi aweke za kuchomoa kwa mkono. Hakunieleza kwa nini na mimi sikumuuliza. Tunaishi vizuri tu, anapika, tunacheka na watoto. Ila kuna vitu siku hizi anavijua na haniambii, na najua ni kwa nini.

Kama na wewe uliwahi kukaa kwenye benchi la hospitali ukapindisha jibu, andika hapa chini ulivyombeba mtu wako. ID zetu ni za bandia, hakuna atakayekujua. Matusi nielekezeni mimi, mke wangu mwacheni. Natangulia mimi, kwa mpangilio wa dodoso:

Alikuwa anachezesha miguu? Ndiyo.

Alibebwaje? Kwenye bodaboda, amekaa, kichwa kinaning'inia.

Kulikuwa na mtu anayejua kubeba? Ndiyo. Alikuwa tayari, na mgonjwa alikuwa amemfumbia macho apite.

Nani aliyemzuia? Mimi.